Ncha Ambayo Sikuifundisha

Walimu wenzangu vijana,

Siku mliponiaga mlinikatia keki, mkanivisha shati la kitenge, mkasema nikishapumzika niwaandikie yale niliyojifunza kazini. Nimepumzika vya kutosha. Nipo nyumbani Mbugani, Kyela, mvua inanyesha kama inavyojua kunyesha huku, na sina pa kwenda. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilikuwa vichache, na mshahara mliuona wenyewe kwenye viatu vyangu. Nitawaandikia juu ya somo moja tu, lile la kutumia gridi kwenye ramani za ncha za dunia, ambalo nimewafundisha wanaotaka leseni ya urubani tangu wengi wenu hamjazaliwa. Mlikuwa mkiniita fundi wa gridi. Someni mpaka mwisho, halafu mwamue kama jina hilo linanifaa.

Nilianza kwenye chuo cha anga cha serikali, Dar es Salaam, nikitokea kufundisha hesabu sekondari. Mkuu wa somo la kutafuta njia angani alikuwa Mwalimu Mhina, mtu wa Tanga, mwembamba, mpenda utani, mkali wa penseli. Siku ya kwanza hakunipa kitabu. Alinipa penseli ngumu, rula, bikari na kipimapembe cha mraba, akatandika mezani ramani ya ncha ya kaskazini.

“Mnyakyusa,” akaniuliza, “umewahi kuona barafu?”

“Kwenye friji, Mwalimu.”

“Basi kaa. Tuko sawa.”

Nieleze kidogo, maana huenda barua hii ikasomwa na mtu asiye wa kazi yetu. Huku kwetu mistari ya longitudo inayoelekea kaskazini karibu iwe sambamba, wala haikusumbui. Karibu na ncha ya dunia yote inakutana kama spoki za baiskeli. Ukiruka umenyooka huko, unakata spoki moja baada ya nyingine, na kila spoki ina kaskazini yake, kwa hiyo uelekeo wako unabadilika kwenye karatasi ilhali ndege hujaigeuza. Wajuzi wakachora miraba juu ya ramani, mistari yake yote ikilingana na ule wa Grinwichi, wakasema kaskazini iwe moja kwa ramani nzima. Hiyo ndiyo gridi. Mtahiniwa anapewa uelekeo wa kweli, autafutie uelekeo wa gridi. Kwenye ncha ya kaskazini, ukiwa mashariki ya Grinwichi unatoa nyuzi za longitudo, ukiwa magharibi unajumlisha. Kwenye ncha ya kusini ni kinyume chake. Sentensi hiyo ya mwisho ishikeni.

Tangu mwanzo nililiona somo lile kuwa dharau. Karatasi za mtihani zilitungwa ng'ambo, zikaletwa kwenye bahasha zenye lakiri, na vijana wetu, ambao wangekwenda kurusha ndege ndogo za kubeba madaktari, maiti na mifuko ya barua, walitakiwa kwanza waonyeshe namna ya kutoka salama kwenye barafu ambayo hata mtunzi mwenyewe sidhani alikwenda kuikanyaga. Nilimwambia hivyo Mhina. Akasema na yeye analiona dharau, ila dharau hiyo ina alama kumi na nane, na bila hizo mtu hapati leseni.

Mhina alikuwa na utaratibu wake. Hakuna kanuni mpaka umechora. Kila swali, hata liwe jepesi vipi, unachora ncha, unachora mstari wa Grinwichi, unachora ulipo, ndipo unatia mshale. Alianza na ncha ya kusini kabla ya kaskazini, akisema sisi ni watu wa kusini ya ikweta na ni aibu kuijua nyumba ya jirani kuliko yako. Wanafunzi walinung'unika kwamba anawapotezea muda, kwa sababu maswali ya kusini hayaji. Hakubishana nao. Aliwafutia ubao akaanza upya. Nilifundisha kwa njia yake miaka yote niliyokuwa chini yake, na hata baada ya yeye kustaafu na kurudi kwao.

Kisha zikaja enzi za ruksa, za kuachia biashara huria. Mnazisoma vitabuni kama mageuzi. Sisi tulizisoma kwenye ubao wa matangazo, kwenye orodha ya majina ya kupunguzwa kazi. Chuo kilitakiwa kijiendeshe chenyewe, kikashindwa, na somo la njia likaondolewa pamoja na mwalimu wake. Wanafunzi waliokuwa katikati ya mafunzo ya urubani kwa gharama ya serikali waliambiwa warudi makwao hadi watakapoitwa, na hakuna aliyewaita. Niliondoka na zana zangu kwenye mkoba wa turubai, nikapanda treni hadi Mbeya, nikateremka na basi hadi Kyela. Wiki nzima nililala nikimlaani kila mtu mwenye tai.

Kyela ya wakati huo kila mtu alikuwa mfanyabiashara. Vitenge, betri, sabuni, sukari, vyote vilikuwa vikivuka mto Songwe kwenda na kurudi, na mwenye baiskeli nzima hakukosa kazi. Mimi sikuwa na mkono wa biashara. Lakini ruksa ileile iliyonifukuza ilileta kampuni binafsi za ndege ndogo, zikataka marubani wenye leseni, na marubani wakataka mtu wa kuwafundisha mtihani. Mmoja alinitafuta, akafaulu, akamwambia mwingine. Walikuja hadi Mbugani kwa sababu chumba ni rahisi, mchele ni mzuri, na hakuna starehe za kuwapotezea akili. Nikafungua darasa kwenye chumba cha mbele cha nyumba yangu, meza mbili na ubao.

Tufe la dunia sikuwa nalo. Nikanunua sokoni chungu cha Wakisi, wafinyanzi wa pwani ya ziwa, kile kikubwa chenye kitako cha duara, nikakifudikiza mezani. Kitako kikawa ncha ya kaskazini. Kwa chaki nyeupe nikachora longitudo kutoka kitakoni hadi mdomoni, na kwa chaki nyekundu nikachora gridi. Wanafunzi walikizunguka, wakaona kwa macho yao jinsi spoki zinavyokutana. Ilikuwa zana nzuri, na nilijivunia. Tatizo lake moja sikulijali: chungu kina kitako kimoja. Upande wa pili ni tundu.

Mwanafunzi aliyeniharibu, na nasema hivi nikijua nilitaka kuharibiwa, alikuwa Bwana Gondwe. Alitoka Karonga, ng'ambo ya mpaka, Malawi, mfanyabiashara mwenye shangazi huku Njisi, mcheshi, mwenye haraka ya kila kitu. Alitazama michoro yangu siku mbili, akaweka penseli chini.

“Bambo,” akasema kwa heshima ya kwao, “mimi sitaki kuwa mchoraji. Nipe ile ya kushika kichwani.”

“Utasahau.”

“Nisahau baada ya mtihani. Kabla yake nisisahau.”

Wakati huo nilikuwa na daftari ambamo nilinakili kila swali ambalo wanafunzi walitoka nalo kichwani kwenye chumba cha mtihani. Nikalipitia lote. Kaskazini, kaskazini, kaskazini. Nikaandika ubaoni: MASHARIKI TOA, MAGHARIBI JUMLISHA. Gondwe akaikariri ndani ya dakika moja, akaenda Dar, akafaulu kwa alama za juu, akanitangaza kuanzia Karonga hadi Mbeya. Tangu hapo walionijia hawakuja kujifunza njia, walikuja kuchukua kanuni. Nami nikawapa. Michoro ya Mhina niliifunga mkobani, na ncha ya kusini nikaifuta kwenye ratiba. Nilijiambia soko ndilo limeamua. Neno hilo lilikuwa midomoni mwa kila mtu, na lilikuwa na faida ya kumwondolea mtu lawama.

Subilaga alikuja mwaka uliofuata. Alikuwa mmoja wa wale wanafunzi waliorudishwa makwao chuo kilipofilisika. Nilimjua kwa sura, msichana mrefu asiyependa kuongea darasani. Kwao ni Ikombe, kule pwani ya ziwa ng'ambo ya Matema, ambako mama yake alikuwa mfinyanzi wa vyungu na baba yake mvuvi. Saa za kuruka alikuwa nazo tayari, amebakiza somo la njia peke yake. Amelifanya mara mbili, ameshindwa mara mbili, akijisomea mwenyewe kwa madaftari ya zamani yaliyolowa. Masharti yalikuwa kwamba ukishindwa mara ya tatu, masomo yote uliyofaulu yanafutwa na unaanza upya, na kwa mtoto wa Ikombe kuanza upya maana yake ni kuacha. Kampuni moja ya ndege ndogo ilikuwa imemwahidi kazi akileta leseni. Alifikia kwa mama yake mdogo, kijiji cha Ngonga, na kila asubuhi alikuja kwa baiskeli, matope yamemfika magotini.

“Mugonile, Mwalimu.”

“Ndaga,” nikaitikia salamu yake ya Kinyakyusa. “Kaa, tuna wiki sita.”

Alipokiona chungu alicheka. Ndiyo mara pekee nilimwona akicheka. Alikigonga kwa kidole, akasikiliza, akasema hiki si cha mama, mama huchoma zaidi. Halafu akakigeuza mdomo juu, akachungulia ndani.

“Na kusini, Mwalimu?”

“Kusini wapi?”

“Ncha ya kusini. Mwalimu Mhina alianza nayo kabla ya kustaafu, lakini mimi nilikuwa naumwa malaria wiki ile. Huwa naichanganya. Hapa sioni pa kuichora.”

Walikuwepo wengine watatu siku hiyo, wageni, waliotoka mbali kwa ajili ya kanuni yangu. Nilitaka wacheke. Nikamwambia ndani ya chungu kunapikwa maharage, hakuruki ndege. Wakacheka. Nikamwambia miaka yote hiyo kusini haijaja hata siku moja, asipoteze chaki. Kisha nikamsomea kanuni, mashariki toa, magharibi jumlisha, nikaongeza neno ambalo halikuwa ubaoni. “Daima,” nikasema. Nilimwona akiliandika.

Wiki sita alisoma kama mtu anayelima kabla mvua haijamkuta. Upepo, mafuta, muda, kila kitu alikimaliza. Kwa kanuni yangu alikuwa mwepesi kuliko Gondwe. Nilimsindikiza stendi mwenyewe, nikamwambia akirudi ataniona kwenye viti vya abiria vya ndege yake.

Alirudi baada ya siku tisa. Hakwenda Ngonga kwanza, alikuja moja kwa moja darasani akiwa na begi lake, saa nne asubuhi, wanafunzi wamejaa. Matokeo yalikuwa hayajatoka lakini uso wake ulikuwa umeshayatoa. Alisimama mlangoni.

“Mwalimu, ilikuja ya kusini.”

Akalitaja swali lote kwa kichwa. Ndege inaondoka kituo kilichopo longitudo nyuzi sitini mashariki, uelekeo wa kweli nyuzi arobaini, ramani ya ncha ya kusini, tafuta uelekeo wa gridi. Alitoa. Kwa kuwa duara ni nyuzi mia tatu na sitini, akapata mia tatu na arobaini. Jibu lilikuwa mia moja. Na vipengele vyote vilivyofuata, upepo, muda, mafuta, vilijengwa juu ya jibu hilo la kwanza.

“Niliona wameandika kusini,” akasema. “Nikasita. Lakini ulisema daima.”

Darasa lote lilikuwa likinitazama. Nawaambia nilichokiwaza kwa ukamilifu, kwa sababu hakikuwa kirefu: niliwaza kwamba hawa wataondoka. Nikasema, “Mimi nilisema kanuni ile ni ya kaskazini. Hukusikiliza, binti. Ndiyo maana unashindwa kila mara.”

Daftari lake lilikuwa begini. Angelifungua ningekuwa nimekwisha. Hakulifungua. Akasema, “Eeh, Mwalimu. Labda sikusikia vizuri.” Akasema na asante, kwa Kinyakyusa, akachukua begi akaondoka.

Mpaka hapo ningeweza kusema ni hasira na kiburi, watu huteleza. Lakini baada ya mwezi alirudi, safari hii peke yangu nikiwapo, akiwa na fomu. Ofisi ya leseni ilikuwa na kipengele ambacho hata mimi sikukijua: mtahiniwa aliyeshindwa mara ya tatu anaweza kuruhusiwa ya nne, bila kufutiwa masomo mengine, endapo mwalimu wake atathibitisha kwa maandishi kwamba mada husika hakuifundisha. Sahihi moja na mistari mitatu tu.

“Si lazima useme ni kosa,” akaniambia. “Sema tu hatukufika kwenye mada hiyo. Muda ulikuwa mfupi. Nitafanya tena mwezi wa kumi.”

Nikamwambia aniachie fomu niitafakari. Mezani kwangu, chini ya daftari, ilikuwepo barua nyingine. Shule binafsi ya urubani, Dar es Salaam, ilikuwa inatafuta mwalimu wa somo la njia, na ilikuwa imeiandikia ofisi hiyohiyo ya leseni kuuliza kama mimi ni mwalimu wa kuaminika. Shule hiyo mnaijua. Ndiyo yenu.

Niliijaza fomu siku iliyofuata na kuituma mwenyewe kwa posta, ili asiione. Niliandika kwamba mtahiniwa alifundishwa mada zote za mtaala, zikiwemo ncha zote mbili, na kwamba kushindwa kwake kunatokana na kutokuwa makini. Niliandika kwa mwandiko mzuri. Miezi miwili baadaye nilikuwa Dar, nina ofisi yenye feni, na mkuu wa shule akanitambulisha kwa wenzangu kama mtu ambaye ofisi ya leseni yenyewe imemsifu.

Hayo mengine mnayajua. Mlinikuta nikifundisha kusini kabla ya kaskazini, nikimkataza mwanafunzi kutaja kanuni kabla hajachora, nikichana karatasi zisizo na mchoro. Mlidhani ni ukali wa shule ya zamani, na baadhi yenu mkauiga. Nilikuwa nalipa mahali nisipodaiwa. Kila kundi jipya lilipoingia nilitafuta msichana mrefu kwenye viti vya nyuma, nikihofia kumwona, na nilipopata kisingizio cha kutokwenda Kyela kwa likizo sikukiacha kipite.

Baada ya kustaafu sikuwa na kisingizio. Mwezi uliopita nilikwenda Matema, nikapanda boti ya vyungu hadi Ikombe. Nilimkuta Subilaga pwani akisimamia upakiaji. Yeye hufinyanga kidogo. Kazi yake ni kukusanya vyungu vya akina mama na kuvipeleka masokoni, na wapagazi wanamwogopa. Nywele zimeingia mvi. Alinitambua kabla sijasema.

“Mugonile, Mwalimu.”

“Ndaga, mwanangu.”

Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima. Nikaanza. Nikasema kuhusu siku ile ya darasani, nikasema sikuwahi kumfundisha kusini, nikafika kwenye fomu nikakwama. Akanisaidia.

“Nakala waliniletea,” akasema. “Wanatuma nakala kwa mtahiniwa. Uliandika vizuri sana.”

“Kwa hiyo ulijua.”

“Siku ile ya mtihani nilijua. Nilitoka nje ya chumba nikachora mchangani na kijiti, nikaona kosa ni la nani. Darasani kwako nilinyamaza kwa sababu bado nilikuwa nahitaji sahihi yako.” Akamgeukia mpagazi, akamwambia avilaze vyungu kwenye majani, si kwenye mbao. “Mama alikufa anajua mimi ni mtu asiyesikiliza. Nilimwachia hivyo. Ningemwambia ni mwalimu, asingeniamini. Watu wa huku wanaheshimu walimu.”

Nikamwomba msamaha. Akasema msamaha ni mambo ya kanisani, yeye anataka karatasi. Nikamwambia ofisi ile imebadilika mara tatu, waliokuwapo wamekufa au wamestaafu, na umri wake kwa leseni umekwisha. Karatasi haitamfikisha popote.

“Sikuuliza itanifikisha wapi. Andika.”

Akanipa karatasi kutoka kwenye daftari lake la mizigo, na biki. Nilikaa juu ya ubao wa boti nikaandika kwamba mimi, mwalimu wa somo la njia, sikumfundisha mwanafunzi wangu mmoja ncha ya kusini, kwamba nilipoulizwa kwa maandishi nilisema uongo, na kwamba alishindwa kwa sababu yangu. Nikatia sahihi, nikampa. Aliisoma akiwa amesimama, polepole, mpaka mwisho, akanirudishia.

“Mwanafunzi mmoja ni nani?”

Nikaandika jina lake, lake na la baba yake. Akaisoma tena.

“Na saa zangu za kuruka. Andika zilikuwa mia moja na themanini na mbili.”

Nikaandika.

“Na dakika arobaini,” akasema. “Zile dakika nazo niliziruka mimi.”

Nikaandika na dakika.